Kompyuta Haikuwaka, Dhana Ikawaka



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Safu hii imezoea kuzungumza na akina mama juu ya malezi, zaka ya fitri, mirathi na haki za jirani. Leo tutazungumza juu ya kompyuta iliyokataa kuwaka. Msidhani nimeiacha kazi yangu nikaingia ya mafundi. Chombo hiki, ambacho watoto wetu shuleni hukiita tarakilishi, kimeingia majumbani mwetu kikabebeshwa mambo mazito: hesabu za vyama vyetu, picha za arusi zetu, masomo ya watoto, na sauti za wazee wetu waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Kinaponyamaza, hakinyamazi peke yake. Mara nyingine huamsha fitina. Hilo nimeliona kwa macho yangu na, kwa aibu yangu, nimelishiriki kwa ulimi wangu.

Nina mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyeolewa akahamia Nairobi. Yeye na mumewe wanaishi Mukuru kwa Reuben. Kwa asiyepajua, ni mtaa wa nyumba za mabati ubavuni mwa eneo la viwanda, jirani na Mukuru kwa Njenga na Viwandani. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ya Nairobi iliitangaza mitaa hiyo mitatu kuwa eneo maalumu la mipango, kwa jinsi watu walivyosongamana na huduma zilivyo haba. Miongoni mwa vijana wetu wa Pwani waendao kutafuta riziki katika viwanda vile, wapo wanaoanzia maisha huko. Kwa hiyo habari za mtaa ule ni habari zetu.

Mpwa wangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wanane. Kila wiki huchanga, hukopeshana, na mwisho wa mwaka hugawana. Zamani hesabu ziliandikwa katika daftari, lakini mvua moja kubwa ilivuja kwenye bati, daftari likarowa, wino ukatapakaa. Ndipo mumewe alipomnunulia kompyuta ya mtumba, ile ya mezani yenye sanduku na kioo mbalimbali, naye akahamishia humo hesabu zote.

Nilifika kwao Ijumaa baada ya sala ya Magharibi, nikawakuta wanawake wawili wametoka mlangoni, nyuso zimekunjamana. Mpwa wangu alinikaribisha, akaniletea maji, kisha akakaa kimya. Nilipomuuliza, alinieleza.

"Mjomba, kompyuta haikuwaka tangu jana usiku. Leo mchana nimeipeleka kwa fundi, kwake ikawaka. Nikamlipa, nikairudisha, nikawaambia wenzangu imepona. Sasa wamekuja kuangalia michango yao, nimebonyeza, haina hata pumzi. Wameniuliza: kwa fundi inawaka, kwako haiwaki, kuna nini? Na Jumapili ndio mkutano."

Fundi alipopigiwa simu alisema sasa hakuna dawa ila kuifuta diski yote na kuweka programu upya. Maana yake ni kuzifuta hesabu za akina mama kumi na wanane siku mbili kabla ya mkutano.

Hapo ndipo mimi, mzee wa darasa, niliyewasomesha watoto wa watu miaka mingi, nilipojikwaa. Nilimtazama nikamwambia, "Mwanangu, hizo hesabu zenyewe, zilikuwa sawasawa?"

Alinyanyua macho, akanijibu kwa sauti ndogo: "Hata wewe, Mjomba?"

Sikuwa na la kusema. Mumewe alikuwa zamu ya usiku kiwandani, watoto wamelala. Nilitandikiwa sebuleni nikalala macho yangu yakiwa wazi. Nilikumbuka kanuni mbili ambazo mwanafunzi wa fikihi huzisoma mapema kabisa. Ya kwanza ni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Ya pili ni kwamba asili ya mja ni kutokuwa na dhima, mpaka uthibitike ushahidi juu yake. Nilikuwa na yakini juu ya uaminifu wa binti huyu tangu utotoni mwake. Shaka niliipata wapi? Kwa chombo cha mabati na nyaya ambacho hakikuitika kilipobonyezwa. Na katika sura ya Al-Hujurat tumeamrishwa kujiepusha na dhana nyingi, na kuichunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Aya hizo nilikuwa nimezifasiri mara ngapi mbele ya watu?

Ilivyoitika alfajiri

Sebuleni palikuwa na balbu ya kizamani, ile yenye uzi ndani. Nilipoingia usiku niliiona inawaka kwa wekundu, kama kaa linalokaribia kuzimika, nikadhani ni uchakavu. Nilipoamka kabla ya adhana ya alfajiri na kuiwasha ili nitawadhe, iliniumiza macho kwa mwanga. Balbu ni ileile, swichi ni ileile. Lililobadilika ni saa.

Baada ya sala nilimwita mpwa wangu, nikamwambia, "Njoo, bonyeza sasa." Akabonyeza. Feni ya ndani ikavuma, taa ya mbele ikawaka. Makina iliyokataa baada ya Magharibi ikaitika baada ya alfajiri.

Furaha yetu haikudumu. Kiooni palitokea maandishi meupe juu ya weusi, na tarehe ya miaka mingi iliyopita. Mkono wake ukaanza kutetemeka. Nikamwambia tusome kwanza kabla ya kuogopa. Makina ilikuwa inasema imepoteza saa na mipangilio yake, na kwamba tukibonyeza F1 itaendelea. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo mfano wa sarafu, kama ile ya saa, inayotunza saa na mipangilio wakati umeme umekatika. Ikifa, kompyuta husahau tarehe. Haifuti hesabu wala picha. Tukabonyeza, na baada ya muda hesabu zote zikafunguka, shilingi kwa shilingi.

Hatukufanya jambo jingine lolote kabla ya kuzinakili kwenye flashi, na yeye akaandika jumla ya kila mama kwa kalamu katika daftari jipya.

Siri yenyewe ilikuwa hii. Umeme wa Kenya hukusudiwa kufika nyumbani ukiwa na volti 240. Katika mitaa kama ule, nyumba nyingi huning'inia kwenye waya mmoja mwembamba, na wakazi hulipa kila mwezi kwa wale wanaowaunganishia. Jioni, kila mtu anapowasha taa, pasi, televisheni na jiko la umeme, nguvu hugawanyika na kushuka. Nyuma ya sanduku la kompyuta ile palikuwa na kibandiko kilichosema inahitaji volti 200 hadi 240. Nguvu ikishuka chini ya hapo, haiwaki. Kwa fundi, aliye kando ya barabara kubwa mwenye mita yake, iliwaka bila ya tabu. Sisemi fundi alikusudia kudanganya. Huenda naye aliamini kuwa vumbi alilolipuliza ndilo lililokuwa adui. Lakini alilipwa kwa maradhi yasiyokuwepo, na nusura aikate dawa kwa kuua mgonjwa.

Kilichotupoteza sote ni simu. Mpwa wangu aliniambia, "Mjomba, nilijua umeme upo mzuri kwa sababu simu ilikuwa inachaji." Tulipokisoma kibandiko cha chaja tuliona inakubali volti 100 hadi 240. Chaja ya simu huridhika na umeme dhaifu, na taa nyingi za kisasa ni hivyohivyo. Kwa hiyo simu kuchaji ni ushahidi kwamba umeme upo. Si ushahidi kwamba unatosha. Ni kama shahidi aliyeona mtu akiingia nyumbani, akaulizwa alichofanya ndani. Anachokijua kinakubaliwa, zaidi ya hapo hana la kusema.

Mpangilio wa kukagua

Mama mpendwa, huenda unasema haya ni mambo ya wanaume. Lakini cherehani yako ikikataa, je, hukimbilia kwa fundi? Kwanza hutazama uzi, kisha sindano, kisha boroli, kisha ukanda. Huanzia la nje na jepesi, ndipo uingie la ndani na zito. Kompyuta hufuata adabu hiyohiyo, na adabu yenyewe si ngeni kwetu. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu cha al-jabri, akasema amekikusudia kwa haja za watu katika mirathi, wasia, ugawaji na biashara. Neno ambalo wataalamu wa kompyuta hulitumia leo, algorithimu, yaani hatua zilizopangwa za kufikia jibu, limetokana na jina lake. Basi tupange hatua, tukibadilisha jambo moja tu kwa kila jaribio, ili tujue ni lipi lililoleta nafuu.

Hatua ya kwanza ni umeme. Jaribu soketi kwa kitu kinachoonyesha nguvu, kama balbu ya uzi au pasi, wala usitosheke na simu. Iondoe ekstensheni, uchomeke kompyuta moja kwa moja ukutani. Sukuma waya uliopo nyuma ya sanduku mpaka ukae barabara, maana mara nyingi hulegea wakati wa kufagia. Tazama kama pana swichi ndogo nyuma yake ambayo mtoto ameizima. Baadhi ya masanduku ya zamani yana kitufe cha kuchagua volti 115 au 230. Kwetu kikae 230 daima, kwani kikiwekwa 115 chombo huungua. Kama maradhi huja jioni na kuondoka alfajiri, umeshapata jibu.

Hatua ya pili ni kuiondoa nguvu iliyobaki ndani. Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa muda wa sekunde 30 hivi. Rudisha waya, ujaribu. Kwa kompyuta ya mapajani fanya vivyo hivyo baada ya kuchomoa chaja, na kama betri yake hutoka, itoe. Lakini ukiona betri imevimba, iache hapohapo, usiichaji wala kuitoboa. Ipeleke kwa mjuzi, kwa kuwa huweza kushika moto.

Hatua ya tatu, kama feni inavuma lakini kioo ni cheusi, ni kukikagua kioo chenyewe. Kioo cha kompyuta ya mezani kina waya wake wa umeme na waya wa picha. Vyote viwili vikazwe. Chomoa flashi, printa na kila kilichoning'inia, ubakishe kibodi na kioo tu. Kwa kompyuta ya mapajani, mulika kioo kwa tochi katika giza. Ukiona picha hafifu, basi kompyuta ni nzima, kilichokufa ni mwanga wa kioo.

Hatua ya nne ni kusikiliza. Kompyuta nyingi za mezani hulia vipindi vipindi zikiwa na kasoro, na mara nyingi mlio huo huashiria kipande cha kumbukumbu, ambacho mafundi hukiita ramu. Kwa mwenye ujasiri, chomoa umeme kabisa, fungua ubavu wa sanduku, gusa bati lake ili umeme wa mwilini ukutoke, kisha toa kipande hicho, safisha meno yake kwa kifutio laini cha penseli, ukirudishe mpaka vishikio viitike. Vumbi la eneo la viwanda na unyevu wa bahari kwetu Pwani, vyote hula sehemu hiyo. Kile kisanduku cha bati kinachopokea umeme, yaani pawasaplai, usikifungue kamwe. Hubaki na umeme wa kudhuru hata baada ya waya kuchomolewa.

Hatua ya tano ni kusoma. Ikiwaka kisha ikasimama na maandishi, usiizime kwa hofu. Yanakili au yapige picha kwa simu. Ikisema imepoteza tarehe, nunua betri ya sarafu, nyingi huandikwa CR2032. Ikisema haioni pa kuanzia, tazama kama umesahau flashi ndani, uitoe, uanze upya. Kompyuta za Windows za siku hizi zikishindwa kuanza mara kadhaa hufungua zenyewe ukurasa wa ukarabati; uiruhusu ijaribu kujikarabati. Lakini ukiulizwa kama uweke mafaili yako au uondoe kila kitu, soma mara mbili kabla ya kubonyeza. La pili halina toba.

Hatua ya sita ni kujua wakati wa kuacha. Ukisikia diski ikigonga, tik, tik, tik, izime. Kila unapoiwasha tena huenda unakwangua kilichobaki. Hapo ni kazi ya mjuzi wa kuokoa diski, na ni afadhali kungoja mwezi ukusanye fedha kuliko kuijaribu mara ishirini.

Sitara kabla ya fundi

Ikibidi kwenda kwa fundi, jueni kwamba mnamkabidhi zaidi ya chombo. Ndani mna picha za binti zenu siku ya arusi, katika hafla ya wanawake peke yao, vichwa wazi na mapambo yao. Mama ambaye hangekubali mwanamume asiye maharimu kuchungulia dirishani mwake, humpa mgeni sanduku lote na kumwachia wiki nzima. Sisemi mafundi ni watu wabaya, wapo wacha Mungu wengi. Lakini sitara hatuiwekei dhamana ya husnudhani peke yake, kama ambavyo hatuachi milango wazi kwa kuwa majirani ni wema.

Kwa hiyo, kama kasoro ni ya umeme au ya kioo, mwambie fundi atoe diski mbele yako, uondoke nayo. Ataifanyia kazi makina bila ya diski. Kama kasoro ni ya diski yenyewe, aketi mumeo, kaka yako au mwanao mpaka kazi iishe. Usitoe neno la siri ambalo pia unalitumia kwa simu au benki. Mwandikishe mambo mawili katika karatasi: bei iliyokubaliwa, na kwamba hatafuta chochote bila ya idhini yako. Tangu mwaka 2019 Kenya ina sheria ya kulinda data za watu, lakini sheria hufika baada ya aibu kutokea. Tahadhari hutangulia. Na picha za namna hiyo, bora zisikae katika kompyuta inayosafiri. Ziwekwe katika flashi kabatini.

Amana haikai mahali pamoja

Sasa nirudi Mukuru. Jumapili baada ya Alasiri akina mama walikusanyika. Kabla hawajaanza niliomba ruhusa kwa mume wa mpwa wangu na kwa wenye mkutano, nikasimama. Niliwaeleza habari ya balbu, kisha nikasema mbele yao kwamba usiku wa Ijumaa nilimdhania binti huyu jambo ambalo sikuwa na ushahidi nalo, na nikamwomba anisamehe. Alikwisha kunisamehe asubuhi ile nyumbani, lakini dhana iliyotembea hadharani huondolewa hadharani. Hesabu zikasomwa, kila mmoja akakubali zake. Mmoja wa wale wawili wa Ijumaa alisimama akamkumbatia, wakalia wote wawili. Wa pili hakusimama, naye tumwombee.

Lakini msidhani mpwa wangu hakuwa na kosa lolote. Kosa alikuwa nalo, na mwenyewe alikiri: amana ya watu kumi na wanane aliiweka mahali pamoja tu, bila ya nakala. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba daftari moja nalo ni kama halipo, liwe la karatasi au la umeme. La kwanza liliuawa na mvua, la pili lilikaribia kuuawa na fundi. Katika mitaa ya mabati pana hatari ya moto pia, nao hauchagui.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya 282 katika sura ya Al-Baqara. Haizungumzii pepo wala moto, inazungumzia kuandika deni. Inaamrisha mwandishi, inaamrisha mashahidi, na inakataza kuchoka kuandika, liwe dogo au kubwa. Tena inatupa sababu: ndiko kuliko karibu zaidi na uadilifu, na ndiko kutakakotuepusha na shaka. Shaka! Laiti tungeifanyia kazi aya hiyo, wale wawili hawangetoka mlangoni na nyuso zilizokunjamana, nami nisingeuliza nililouliza. Maandishi humlinda mwenye mali, na humlinda zaidi anayeishika.

Basi kila chama na kifanye hivi. Baada ya kila mkutano, mweka hazina anakili hesabu kwenye flashi, na flashi hiyo ikalale nyumba ya mwanachama mwingine. Jumla ziandikwe kwa kalamu, zitiwe saini na wawili. Kila mama apewe karatasi yake, au ujumbe wa simu, unaoonyesha alichotoa na anachodaiwa. Haya hayataki fedha nyingi. Yataka dakika kumi. Na wala hayapungui tawakuli. Yule bedui aliyefundishwa kumfunga ngamia wake kwanza kisha amtegemee Mola wake, hakuambiwa achague moja kati ya mawili.

Mpwa wangu sasa hufanya hesabu zake baada ya sala ya alfajiri, wakati majirani wamelala na umeme una nguvu. Jioni huichomoa kompyuta kabisa, kwani umeme ukikatika na kurudi kwa ghafla huja na mshindo unaounguza. Wanachanga apate stabilaiza, nami nimemwambia asome kibandiko chake kabla ya kulipa, ahakikishe inahimili mzigo wa kompyuta na kioo, na kwamba inaweza kuinua umeme ulioshuka kiasi cha wao. Betri ya sarafu nilimnunulia mwenyewe kabla ya kupanda gari la kurudi Mombasa. Ni kitu kidogo mno, nilikiweka kiganjani mwake, akacheka. Nilifurahi kumsikia akicheka.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azisafishe nyoyo zetu na dhana, azihifadhi amana zilizo mikononi mwetu, na awasitiri wake zetu na binti zetu duniani na akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq.